Mke wa Kituo cha Sita

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Wenyewe wamelibadilisha mara tatu tangu nianze kuisikia habari hii, na si adabu kumwita mtu kwa jina alilokwisha kulitupa. Nchi hiyo ilikuwa na raha nyingi, na kubwa kuliko zote ni kwamba kila raia alikuwa ameshiba. Hilo halikuachwa litokee lenyewe. Lilipitishwa na Bunge kwa kauli moja, mara tu baada ya chakula cha mchana, likaitwa Sheria ya Shibe. Tangu siku hiyo neno "njaa" likafutwa katika vitabu vya shule, magazetini, na katika mazungumzo ya watu wenye heshima zao. Mtu akianguka njiani kwa kukosa chakula, daktari aliandika kwamba anasumbuliwa na shibe iliyochelewa. Akifa, iliandikwa kwamba shibe yake ilichelewa mno.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Shomvi Mbaruku, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti nzuri. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu katika mtaa wa Vyunguni ili waonje vyakula vya wenyeji. Aliwapitisha vituo sita kwa saa tatu. Kwanza chai ya tangawizi na maandazi. Pili supu ya kongoro. Tatu mbaazi za nazi. Nne mishikaki, tano juisi ya miwa. Kituo cha sita, pale wageni walipokuwa wamechoka na wanadhani hawawezi kula tena, aliwaingiza katika hoteli ndogo yenye meza nne, wakala wali wa nazi na maharage, nao walisahau kwamba walikuwa wamechoka.

Hoteli hiyo ilikuwa ya mke wake, Saumu. Alikuwa amepika humo kwa miaka ishirini na mbili. Saumu hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Wageni walipomsifu kwa lugha zao, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaongezea maharage. Shomvi alizoea kusimama mlangoni na kumtambulisha vilevile kila siku: "Huyu ndiye mwenye mkono huu. Mimi nimebahatika tu kulala nyumba moja naye." Wageni walicheka. Saumu hakucheka, lakini siku ambazo Shomvi alisahau kusema hivyo, maharage yake mwenyewe yalikuja hayana nazi.

Kila siku saa tisa alasiri Saumu aliwagawia watu ukoko bure. Alikwangua sufuria, akaweka sinia nje, na mwenye bakuli alikuja na bakuli lake. Zamani walikuja watu saba au wanane. Baada ya Sheria ya Shibe walikuja wengi zaidi, kwa sababu ambazo sheria yenyewe haikuzieleza. Foleni ikafika kwa muuza miwa, ikakata kona, ikafika kwenye ofisi ya posta.

Foleni hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

*

Habari zilitoka kwamba ujumbe wa mataifa rafiki unakuja kuona jinsi nchi ilivyoshiba. Wizara ya Shibe ikaamua kwamba wajumbe watatembezwa Vyunguni. Shomvi akaitwa ofisini kwa Bwana Fikirini Ponda, ambaye cheo chake kilikuwa Kaimu Naibu Mratibu Mkuu wa Matembezi na Vionjo. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini, na alipozungumza alikuwa akipangusa meza kwa kiganja kana kwamba kuna makombo.

"Mzee Shomvi," alisema, "taifa limekutazama, likaona hakuna mwingine. Utakuwa Kiongozi wa Taifa wa Matembezi. Utapewa koti."

Shomvi alishukuru. Nisimfiche mtu: alifurahi. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea mbele ya watu bila cheo chochote.

"Ila pana jambo dogo," Bwana Fikirini akaendelea. "Kituo chako cha sita kina foleni. Mgeni akiona foleni mbele ya chakula atajiuliza maswali. Na mgeni anayejiuliza maswali anasumbuliwa na tumbo."

"Naweza kumwambia mke wangu asitoe ukoko kwa wiki hiyo, Mheshimiwa."

"Tulishafikiria. Foleni itasimama hata bila ukoko, kwa mazoea. Kamati imeona ni bora hoteli yenyewe isiwepo." Akatoa karatasi kwenye mtoto wa meza. "Hii ni Fomu ya Kutokuwepo. Inahitaji saini ya mtu mmoja anayepafahamu mahali hapo kuliko watu wote, athibitishe kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Nani anapafahamu kuliko wewe?"

"Kwa wiki moja tu?"

"Ujumbe unakaa wiki moja," alisema Bwana Fikirini, na Shomvi akalichukua jibu hilo kama jibu la swali lake.

Aliomba aende nayo nyumbani kwanza.

*

Saumu aliisoma ile fomu akiwa amesimama, mkono mmoja una unga wa mchele.

"Ukiisaini hii, mimi nitakuwa nani?" aliuliza.

"Utakuwa Saumu. Hii ni karatasi tu, mke wangu. Wiki moja, halafu tunaendelea."

"Kama ni karatasi tu, basi usiisaini."

Shomvi alieleza. Alisema kwamba akikataa atanyang'anywa kibali, na asipokuwa na kibali hakuna mgeni atakayefika Vyunguni, na asipofika mgeni, hata wenye kituo cha kwanza mpaka cha tano watalia. Alisema maneno mengi ya maana, kwa ile sauti yake nzuri. Kuhusu koti hakusema.

Saumu alimwacha amalize. "Miaka yote umesimama mlangoni kwangu ukawaambia watu mimi ni nani," akasema. "Sikukuomba hata siku moja. Leo nakuomba kitu kimoja. Waambie hoteli ipo. Wakitaka kuifunga waifunge, lakini wafunge kitu kilichopo."

Akarudi kwenye mchele wake. Shomvi hakulala vizuri, na asubuhi, kabla mkewe hajaamka, alikwenda akasaini nakala tatu.

*

Mafundi walifika na matofali siku hiyohiyo mchana. Walikuwa vijana wenye heshima. Walimwamkia Saumu, wakamwambia, "Mama, samahani, uko mahali ambapo hapapo." Saumu alisema ana sufuria motoni. Wakakubaliana kwamba wataanza kujenga na yeye amalizie, na ukuta ukapanda mpaka kiunoni huku yeye akipitisha sahani juu yake kwa wateja waliokuwa nje. Ulipofika kifuani alizima moto. Fundi mmoja akampa mkono, akavuka.

Watu wa foleni walishindwa kutawanyika, kwani hawakuwa na pa kwenda kula. Wizara ikatoa busara: ikawaamuru wageuke nyuma. Kwa kuwa sasa walikuwa wamekipa kisogo kile kilichokuwa chakula, ilionekana wazi kwamba ni watu wanaotoka kula. Katika taarifa wakaitwa Msururu wa Walioridhika.

Wajumbe walikuja, wakatembea, wakaonja vituo vitano. Shomvi alikuwa amevaa koti, nalo lilimbana kwapani. Walipopita kwenye ukuta mpya, mjumbe mmoja mwanamke alisimama akanusa, kwa sababu harufu ya nazi ilikuwa bado imenasa kwenye matofali. "Hapa pana nini?" aliuliza. Bwana Fikirini alikuwa nyuma yake. Shomvi akajibu, "Ukuta, mama." Wakaendelea. Wiki iliyofuata ujumbe ulitoa ripoti ikisema watu wa nchi hiyo wameshiba kiasi kwamba hata wanatembea polepole.

*

Wiki ikaisha. Ukuta ukabaki. Shomvi akaenda Wizarani.

"Tubomoe ukuta ili tufungue nini?" aliuliza Bwana Fikirini kwa mshangao wa kweli.

"Hoteli ya mke wangu, Mheshimiwa."

"Ipi?" Akaifungua nakala ya kwanza, akaisukuma mezani taratibu. "Mzee Shomvi, Serikali haiwezi kufungua tena kitu ambacho hakikuwahi kufunguliwa. Tutasemwa kwamba tunabuni mambo. Ila sheria imekuachia mlango. Alete pingamizi shahidi anayepafahamu mahali hapo kuliko shahidi wa kwanza."

"Shahidi wa kwanza ni mimi."

"Na uliandika mwenyewe kwamba hakuna anayepafahamu kuliko wewe. Kwa mwandiko mzuri sana. Tumeuonyesha kwa makarani wengine waige."

Naye Saumu alikuwa akihangaika kwa upande wake. Cheti chake cha upishi kilikuwa kimetolewa kwa anwani ya hoteli. Anwani ilipofutwa cheti kilifutika, na kwa kuwa kitambulisho chake cha raia kilitolewa kwa kuonyesha cheti, nacho kikafuata. Alikwenda ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya tatu karani mmoja msichana alimhurumia, akatafuta katika daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema kwa upole, "Mama yangu, kwa mujibu wa humu, hujawahi kupika."

"Nani kasema?" Saumu aliuliza.

Msichana akamgeuzia karatasi aone.

Jioni ile Shomvi alimkuta mkewe amekaa kitandani, kikapu chake kimefungwa.

"Nakwenda kwa dada yangu mpakani," alisema.

"Saumu, nitalirekebisha. Nimeambiwa kuna mlango."

"Siondoki kwa ajili ya hoteli. Hoteli hufungwa, watu wakafungua nyingine." Aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Shomvi. "Nilipomwuliza yule binti nani kasema, nilikuwa nimejiandaa kusoma jina la adui. Nikakuta jina lako. Umelipinda kwa madaha, kama ulivyokuwa ukiandika vyakula vyangu kwenye ubao. Hukuharakisha hata kidogo."

Shomvi akafungua kinywa. Mtu huyu aliyeweza kuieleza supu ya kongoro mpaka wageni wakameza mate hakupata neno hata moja. Saumu alingoja. Nadhani alingoja muda wa kutosha. Kisha akachukua kikapu, akatoka.

*

Shomvi alimwandikia barua. Zote zilirudi, zimegongwa muhuri: Mpokeaji hayumo katika kumbukumbu. Aliomba ruhusa ya kusafiri mpakani, akaulizwa anakwenda kumwona nani. Akataja. Karani akatafuta, akamrudishia ombi lake kwa kuwa mtu hawezi kuruhusiwa kwenda kutazama hewa.

Kazi aliendelea nayo. Vituo vitano, asubuhi na alasiri. Kisha siku moja alasiri, akiwa na wageni kumi na wawili na jua likiwaka, miguu yake ilisimama yenyewe mbele ya ule ukuta, akageuka akawaambia.

Aliwaambia kwamba hapa palikuwa na hoteli yenye meza nne. Aliwaeleza wali ulivyochambuka, na jinsi mwenye hoteli alivyoonja mchuzi kwa kudondoshea tone mgongoni mwa kiganja chake. Akasema, "Mwanamke huyo ni mke wangu, anaitwa Saumu. Serikali iliniomba niandike kwamba hayupo, nikaandika. Sikushikiwa bunduki. Nilipewa koti." Kisha akalia, mtu mzima, kwa sauti, kipaji cha uso kikiwa kwenye matofali.

Mgeni mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Walikuwa wamesafiri nchi nyingi, walisema, lakini hawajaona sanaa kama hii.

Kesho yake Shomvi aliitwa Wizarani. Alivaa nguo za ndani mbilimbili kwa ajili ya baridi ya mahabusu. Bwana Fikirini alisimama kumpokea, akamkumbatia.

"Kwa nini ulitunyima kipaji hiki? Wageni wameandika barua. Kamati imekaa asubuhi, imekipitisha kuwa Kituo cha Sita rasmi: Kituo cha Majonzi. Hakuna nchi jirani yenye kitu kama hiki."

Palikuwa na marekebisho madogo. Kwa kuwa hoteli haikuwepo, iitwe hoteli ya masimulizi. Koti liondolewe katika maelezo. Serikali isitajwe, mahali pake pawekwe "hatima". Na jina la mke libadilishwe, kwa maana Saumu linawakumbusha watu kufunga, jambo ambalo karibu sana linafanana na kuchelewa kwa shibe. Kamati ilipendekeza Neema. Machozi yatoke dakika ya nne, yasizidi ya tano, ili wageni wawahi basi lao.

"Sitasema hivyo," Shomvi alijibu.

Bwana Fikirini akapangusa meza. "Hatukulazimishi. Tutamwajiri mwigizaji. Yeye hakumjua huyo mama, kwa hiyo atasema lolote tutakalomwandikia."

Shomvi alifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Katika nchi nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Saumu alikuwa akizungumzwa, ingawa kwa jina la mtu mwingine. Alimfikiria mwigizaji asiyemjua Saumu akisimama pale, akisema wali ulichambuka. Asubuhi yake akaenda akakubali.

*

Alifanya hivyo miezi minane, mara mbili kwa siku. Miezi ya mwanzo machozi yalitoka yenyewe. Baadaye aligundua kwamba yalikuwa yakitoka dakika ya nne hata siku za Jumapili, akiwa nyumbani peke yake ananyoa ndevu.

Siku ya Jumanne, alasiri, wageni walikuwa wengi. Bwana Fikirini mwenyewe alikuwepo na daftari lake, kwani palikuwa na ukaguzi. Shomvi alikuwa amefika pale panaposema, "Naam, wageni wangu, huyo ndiye Neema, aliyeondoka na hatima," alipoinua macho akamwona Saumu.

Alikuwa amesimama nyuma ya wageni, upande wa muuza miwa. Amekonda. Kikapu kilikuwa mkononi, na juu yake bahasha ya karatasi, kwa sababu alikuwa amekuja mjini kujaribu tena habari ya kitambulisho. Alikuwa anapita tu. Alisimama kwa kuisikia sauti aliyoifahamu.

Shomvi akanyamaza. Bwana Fikirini akatazama saa.

"Jina lake si Neema," alisema Shomvi. Sauti haikuwa ile nzuri, ilikuwa imekwaruza. "Anaitwa Saumu. Yule pale, mwenye kikapu. Ndiye mke wangu. Amepika hapa miaka ishirini na mbili, nami nikasaini kwamba hakuwepo. Saumu, mke wangu, nilikosea. Nisamehe."

Wageni wote wakageuka. Wakamwona mwanamke wa makamo, kanga imechakaa kidogo, kikapu mkononi, uso umejaa mshtuko, na wakaona jinsi yote yalivyopangwa vizuri. Mama mmoja wa kizungu akafuta machozi. Makofi yakaanza, kamera zikainuliwa, na watu wakampisha Saumu njia aje mbele ainame kama wafanyavyo waigizaji.

Saumu aliwatazama, kisha akamtazama mumewe.

"Kumbe na mimi umenitia kwenye mchezo, Shomvi," alisema.

Alisema polepole tu. Wageni wakadhani ndiyo sehemu yake ya kusema, wakashangilia zaidi. Akajifunika uso kwa upindo wa kanga, akageuka, akaondoka.

Shomvi akamfuata. Hakufika mbali. Mgeni mmoja alimshika mkono kumpongeza, wa pili akataka kupigwa naye picha, wa tatu alikuwa akilia na kumkumbatia. Aliwaambia kwamba ni kweli, ni mke wake kweli, na kila alivyosema ndivyo walivyomsifu. Alipojinasua, kwenye kona palikuwa na watu wa foleni tu, wamegeuka upande walioamriwa, na hakuna aliyekuwa ametazama nyuma. Alikimbia mpaka kituo cha mabasi. Basi la mpakani lilikuwa limekwisha kuondoka.

Bwana Fikirini alikuwa ameandika daftarini: Mwanamke mwenye kikapu, anafaa sana, atafutwe awe anakuja kila siku. Wizara ikamtafuta kwa nguvu zake zote. Kwa mara ya kwanza Shomvi na Serikali walikuwa wakitafuta kitu kimoja. Lakini Wizara haikuwa na njia ya kumtafuta mtu ila kwenye madaftari, na kwenye madaftari hakuwemo.

Basi wakaajiri mwingine. Alikuwa mwanamke mpole, mjane, mwenye bidii ya kazi. Wakampa kikapu na kanga, wakamwonyesha pa kusimama, karibu na muuza miwa. Siku ya kwanza, kabla wageni hawajafika, alimsogelea Shomvi.

"Kaka Shomvi," alisema, "nisije nikakuharibia. Huyo mwenyewe alikuwa anasimamaje?"

Shomvi akamshika kiwiko, akakishusha kidogo ili kikapu kikae chini zaidi, akamgeuza bega upande wa barabara.

"Hivi?" aliuliza yule mama, akiinua uso kumtazama apate kibali.

"Karibu sawa," alisema Shomvi. "Ila usinitazame. Yeye alinitazama mara moja tu."